Hilux ya dizeli imegoma kuwaka? Pampu iache kwanza

Hilux ya 3L ikigoma asubuhi, neno la kwanza utakalolisikia kijiweni ni "pampu", yaani ile inayopeleka dizeli kwenye injini. La pili ni bei ya kuishusha. Lakini kati ya vitu vyote vinavyoweza kuizuia injini ile isiwake, pampu iko karibu na mwisho wa foleni. Mbele yake kuna mpira wa bei ya soda mbili, waya mmoja uliolegea na betri iliyochoka.

Hapa ninazungumzia zaidi injini za familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L: pampu ya kimekanika, nozeli nne za kunyunyiza mafuta, hakuna kompyuta inayosimamia mafuta. 2KD na 1KD, injini mpya zaidi zenye kompyuta, zina mambo yake, nitazigusa mbele.

Dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto, kisha mafuta yakanyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo injini inadai mambo matatu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate mafuta yasiyo na hewa wala maji, na ile hewa iliyobanwa iwe na joto. Kabla ya kushika spana yoyote, piga stata sekunde kumi huku mwenzako amesimama nyuma ya gari akiangalia ekzosi. Sikiliza stata inavyozungusha, na umuulize kama ameona moshi na ni wa rangi gani. Majibu hayo mawili yanapunguza kazi zaidi ya nusu.

Tuanze na stata. Ukigeuza ufunguo ukasikia "tak" moja kisha kimya, au injini ikazunguka kwa uzito kama mtu anayepanda mlima na gunia, usiguse upande wa mafuta kabisa. Dizeli ikizungushwa chini ya mizunguko 100 kwa dakika hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi na kupoa kwenye kuta za silinda, na hata kila kitu kingine kikiwa kizima haitawaka. Inapenda 150 hadi 200.

Chukua multimita. Betri iliyolala usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ipeleke kuchajiwa kwanza. Kisha ipime wakati stata inapigwa: isishuke chini ya 9.6. Ikianguka mpaka 7 au 8, betri imekufa au stata imekamata. Ikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, umeme haufiki. Hapo angalia vichwa vya betri (ule unga mweupe na wa kijani ni adui), kisha waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Huu waya wa ethi husahauliwa sana. Kipimo chake ni rahisi: mguu mmoja wa multimita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, ethi ni mbovu. Huna multimita? Chukua waya wa kubustia, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini. Stata ikichangamka ghafla, umepata mwizi wako.

Ile "tak" moja yenye nguvu, na betri ni nzima, mara nyingi ni kopa mbili (vipande vya shaba vinavyopitisha umeme) zilizo ndani ya kichwa cha stata. Kila unapowasha, cheche inazila kidogo kidogo, na ile ya upande wa betri huisha mapema. Dalili yake ni kwamba leo inagoma mara mbili inakubali ya tatu, kesho inagoma mara kumi. Kopa zinauzwa peke yake. Mtu akikuambia stata nzima itupwe, mwombe kwanza afungue kifuniko cha nyuma mtazame wote. Kama hakuna hata "tak", pima waya mdogo unaoingia kwenye stata wakati ufunguo uko kwenye kuwashia. Ukikuta volti 12 hapo na bado kimya, tatizo ni stata. Usipokuta, rudi nyuma kwenye rilei, fyuzi na swichi ya ufunguo.

Kubusti nako kuna mtego wake. Fuso na malori mengi yanatumia volti 24, betri mbili zimeunganishwa mfululizo. Ukichukua umeme kwenye ncha zote mbili za nje unapeleka volti 24 kwenye gari la 12, na kinachoungua hakichagui. Chukua kwenye betri moja tu ya lori, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, chanya kwa chanya, na ile hasi ya mwisho ishike chuma cha injini yako, mbali na betri.

Sasa tuseme stata inazungusha vizuri lakini haiwaki. Ekzosi inasemaje?

Hakuna moshi hata kidogo, maana yake mafuta hayafiki kwenye silinda. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayaungui. Moshi mweusi ni nadra wakati wa kuwasha, na ukiuona angalia kwanza filta ya hewa, pengine imeziba kabisa au kuna mdudu amejenga humo.

Bila moshi, kitu cha kwanza ni solenoidi ya kukata mafuta, kile kidude cha mviringo kilichofungwa nyuma ya pampu, chenye waya mmoja juu. Kazi yake ni kufungua njia ya mafuta ukiweka ufunguo na kuifunga ukizima. Weka ufunguo, chomoa waya, gusisha tena. Isikike "tik". Isiposikika, pima waya: kama hauna volti 12, shida iko njiani. Na hapa niseme jambo. Wafungaji wengi wa alamu na vifaa vya kufuatilia gari hukata waya huu huu na kupachika rilei yao, kwa sababu ndio njia rahisi ya kuzima dizeli. Rilei ikifa, au ule muunganiko wa kusokota kwa mkono na selotepu ukipata kutu, gari linazimika kama limeibiwa. Ufuate waya kwa mkono mpaka mwisho. Kwa kujiokoa barabarani, vuta waya mwingine wenye fyuzi kutoka chanya ya betri mpaka kwenye solenoidi. Ikilia "tik" na gari likawaka, umemaliza. Kuzima, unachomoa waya huo.

Na kama umeme unafika ila solenoidi yenyewe imekufa? Safisha eneo lote kwanza, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiingia hapo ni pampu kweli. Ifungue, toa kipini na springi yake ya ndani, rudisha solenoidi tupu pamoja na pete yake ya mpira. Gari litawaka, lakini halitazimika kwa ufunguo. Utalizima kwa kuingiza gia ya nne, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi. Ni njia ya kukufikisha dukani, si ya kutembelea mwezi mzima.

Solenoidi ikiwa nzima, tunaingia kwenye hewa, na hapa ndipo Hilux nyingi hukwama. Injini za L hazina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu kubwa yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini, kupitia kwenye filta, mpaka kwake. Njia yote hiyo iko kwenye mvuto, si kwenye msukumo. Ndiyo maana mpira wenye ufa hautoi tone hata moja nje, unafyonza hewa tu. Mtu anapapasa chini ya gari, anaona pakavu, anasema mafuta hayavuji, basi ni pampu. Kumbe gari likilala, hewa inaingia pale juu na dizeli inarudi tangini polepole. Asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, linawaka sekunde tano, linazima, unapiga tena.

Kipimo hakihitaji kifaa chochote. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, nenda kwenye filta ya dizeli, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu, pengine mara 30 au 50. Kisha washa. Likiwaka papo hapo wakati jana liligoma, basi ni hewa, na pampu yako haina kosa. Tafuta pa kuingilia: mpira wa kutoka kwenye bomba la chesisi kuja kwenye filta, klampu zake, gaskiti ya filta iliyobadilishwa juzi (mara nyingi ya zamani imebaki imenata juu na mpya ikafungwa juu yake), ile pampu ya mkono yenyewe ambayo mpira wake wa ndani huchanika, na mpira mdogo wa kurudisha mafuta. Ukitaka kuona kwa macho, weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu. Viputo vitajionyesha.

Mkono wa pampu hiyo nao unasema. Ukibonyeza bila kikomo na hauwi mgumu, unavuta hewa au tangi ni tupu, maana geji huwa zinadanganya. Ukibonyeza ukabaki chini na kupanda kwa shida, kuna kizuizi upande wa tangi. Fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuuu", tundu lake la kupumulia limeziba na tangi limejibana. Kisha angalia chujio la ndani ya tangi.

Kutenganisha lawama kabisa, tumia dumu. Lita tano za dizeli safi, dumu liwe juu kuliko pampu, mpira mmoja uingie moja kwa moja kwenye pampu na ule wa kurudisha urudi dumuni. Likiwaka na kutulia, pampu ni nzima, na tatizo liko kati ya tangi na filta. Kipimo hiki cha nusu saa kingeokoa pampu nyingi sana zilizofunguliwa bure.

Kutoa hewa baada ya kazi: bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha legeza nati za mabomba ya nozeli kwa spana 17, nusu mzunguko tu, mwenzako apige stata mpaka dizeli iruke bila povu, kaza, nenda inayofuata. Mara nyingi linawaka kabla hujamaliza ya nne. Stata usiipige zaidi ya sekunde 15 mfululizo, ipumzishe dakika moja. Ukichoma stata kwa sababu ya hewa utakuwa umejiongezea kazi ya pili.

Ukiwa bado kwenye filta, legeza bolti ya chini na ukinge dizeli kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Iache dakika kumi. Maji yatakaa chini na dizeli juu, mstari utauona. Ukikuta maji, toa mpaka yaishe, badilisha filta, na usisahau tangi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani hivyo. Hayazuii gari kuwaka siku hiyo, ila yana ulaini mdogo kuliko dizeli, na pampu inalainishwa na mafuta hayo hayo yanayopita ndani yake. Uchakachuaji ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010, na Kenya kuongeza tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018. Uharibifu wake utauona mwishoni mwa makala haya.

Moshi mweupe ni habari nyingine. Mafuta yanaingia, joto halitoshi. Injini za L hunyunyiza dizeli kwenye chumba kidogo pembeni, si moja kwa moja juu ya pistoni, na kuta za chumba hicho zinakula joto. Kwa hiyo zinategemea plagi za hita, zinazokipasha joto chumba hicho. Dar es Salaam unaweza kuishi na plagi mbili mbovu bila kujua. Lipandishe gari hilo hilo Njombe au Makete mwezi wa Juni, ambako asubuhi kuna sakitu, uone.

Watu wanaiamini taa ya hita kwenye dashibodi. Taa ile inaonyesha muda tu. Plagi zote nne zikiwa zimekatika itawaka na kuzima kama kawaida. Ondoa kile kipande cha chuma kinachounganisha plagi zote. Chukua testa ya taa, ibane kwenye chanya ya betri, gusa ncha ya kila plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekatika. Kwa multimita, plagi nzima inasoma ohm moja hivi au pungufu. Usizipime kwa kuzipa volti 12 moja kwa moja nje ya gari bila kusoma namba iliyoandikwa ubavuni, maana Toyota ilitumia pia plagi za volti 6 zinazopunguziwa umeme na rilei, na hizo zinaungua ukitazama. Kwa sababu hiyo hiyo, nunua zenye volti sawa na zilizotoka. Zote zikiwa nzima, pima kama umeme unafika kwenye kile chuma ukiweka ufunguo. Kama haufiki, angalia fyuzi yake kubwa na rilei.

Kuzifungua ni spana 12, injini ikiwa na uvuguvugu. Ikikataa, weka mafuta ya kulegeza kutu na usubiri. Ikikatikia ndani, kichwa cha injini kinashuka.

Plagi ni nzima na moshi mweupe unaendelea? Sasa ni kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Kwenye 3L iliyo nzima geji inasoma karibu psi 450, na kikomo cha chini ni 284. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 71. Lakini kabla ya kutamka ovahoo (kufungua injini nzima), pima nafasi za valvu. Viti vya valvu vinavyolika hupunguza nafasi hiyo mpaka valvu haifungi sawasawa. Zinatakiwa mm 0.20 hadi 0.30 upande wa hewa, 0.40 hadi 0.50 upande wa ekzosi, injini ikiwa imepoa. Marekebisho haya ni vibati vidogo, si pistoni mpya.

Na ile dawa ya kuwashia inayouzwa kwenye kopo, ya kupuliza kwenye filta ya hewa? Kwenye injini yenye plagi za hita, iache dukani. Inalipuka kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi ndizo zinazolipa.

Kama stata inazungusha kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani, bila ule mdundo wa kubana, na hakuna moshi: acha hapo hapo. Mkanda wa taimingi umekatika. Kwenye L mkanda huo huo unazungusha kemshafti na pampu, ndiyo maana moshi nao hakuna. Fungua kava la juu uone. Kusukuma gari la namna hii ni kugonganisha valvu na pistoni. Mkanda ni wa kubadilisha kila kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha.

Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko likazima, halipigwi stata. Maji hayabanwi, kinachopinda ni koni rodi (mkono wa pistoni). Toa plagi za hita zote nne kwanza, ndipo uzungushe maji yatoke kwenye matundu.

2KD na 1KD. Pampu ya mkono ipo, filta ipo, hewa inasumbua vile vile. Lakini mabomba ya nozeli usiyalegeze kamwe: shinikizo humo linazidi megapaskali 100, na dizeli ya namna hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Waya za nozeli nazo usizishike stata ikipigwa, zina volti nyingi. Kompyuta haifungui nozeli mpaka shinikizo la reli (bomba la pamoja linalolisha nozeli zote) lifike megapaskali 20 hadi 30, kwa hiyo swali ni moja tu: kwa nini halipandi? Angalia sindano ya mizunguko kwenye dashibodi wakati wa kupiga stata. Ikilala kabisa, shuku sensa ya krenki. Ikicheza, unganisha skana usome shinikizo la reli. Likiwa chini, filta kwanza, kisha mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli: weka chupa nne, nozeli inayojaza chupa yake kuliko wenzake ndiyo inayomwaga shinikizo. Kisha ile valvu ya kudhibiti uvutaji iliyo kwenye pampu, ambayo hunata na inauzwa peke yake. Taa ya ufunguo ikimetameta bila kuzima, kompyuta haijautambua ufunguo, na hakuna fundi pampu atakayekusaidia.

Turudi kwenye 3L, tumalizie na pampu yenyewe. Ikichakaa kweli, kwa mfano kwa mafuta ya taa, ina tabia yake, kinyume cha plagi za hita: asubuhi linawaka vizuri, likishapata moto ukalizima dakika kumi, linagoma. Dizeli ya moto ni nyepesi na inavuja ndani ya pampu iliyolika, kwa kasi ndogo ya stata shinikizo halijengeki. Chukua kitambaa kilicholowa maji, kifunike juu ya pampu, subiri ipoe taratibu. Usimwage ndoo ya maji baridi, vyuma vya ndani vimebanana mno na vinaweza kukamata. Ikiwaka baada ya kupoa, haya, sasa ni pampu.

Kabla haijashushwa, piga mstari kwa patasi kali unaokatiza pampu na chuma inapofungwa, ili irudi kwenye taimingi ile ile. Na fundi akiiweka kwenye mashine ya kupimia, mwombe akuonyeshe kiasi inachotoa kwa kasi ya stata, mizunguko 100 hivi, kabla hajafungua bolti hata moja.